Injini ya V8 ya Silverado ndani ya Silvia S14: anza na sampu

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina Nissan Silvia S14 yenye usukani wa kulia. Injini yake ya SR20DET imevunja pistoni. Nimepata V8 ya lita 5.3 iliyotolewa kwenye pikapu, Chevrolet Silverado ya mwaka 2004, ikiwa na giaboksi yake ya automatiki, nyaya na kompyuta. Je, itaingia bila kukata fremu? Na nianzie wapi, maana kila ninayemuuliza ananiambia kitu tofauti.

Jibu: Nzuri, ndugu. Itaingia, na fremu hutaigusa. V8 hii ni ndogo kwa umbo kuliko watu wanavyodhani: ina kemshafti moja tu, nayo imelala ndani ya bloku, kwa hiyo hedi zake ni fupi na nyembamba. Kwa upana chumba cha injini cha S14 kinaipokea vizuri. Inakogombana na gari ni chini na juu. Chini kuna sampu ya pikapu, yaani bakuli la oili, juu kuna manifoldi ya hewa ya pikapu. Vyote viwili vilitengenezwa kwa gari refu lenye nafasi tele, na vyote viwili vinatoka. Wanaokuambia vitu tofauti huenda wanaongelea mojawapo tu.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ulichonacho ni 5.3 kweli. Kuna ndugu yake wa lita 4.8 ambaye kwa nje hawatofautiani, na ubavuni mwa bloku pameandikwa 4.8/5.3 kwa zote mbili. Kama una namba ya chesisi ya pikapu ilikotoka, tazama herufi ya nane: T ni LM7, yaani 5.3 ya kawaida yenye bloku ya chuma. Z ni L59, 5.3 inayokubali pia ethanoli. V ni ile 4.8. Huna namba ya chesisi? Toa plagi moja, ingiza kamera ndogo ya waya, shusha pistoni kidogo. Kwenye LM7 kichwa cha pistoni kina bonde kama sahani. Kwenye 4.8 kiko bapa.

Pima na kompresheni ya silinda zote nane. Kipimo cha kiwandani ni kwamba silinda ya chini kabisa isipungue asilimia 70 ya ile ya juu kabisa, na hakuna inayokubalika chini ya psi 100. Fungua pia kava za valvu. Baadhi ya hedi zenye namba 706 za miaka hiyo zilitengenezwa na Castech, na alama ya jina hilo imetupwa kwenye hedi yenyewe. Baadhi yake hupasuka karibu na mashimo ya kurudishia oili, maji ya rejeta yakaingia kwenye oili polepole bila kuvuja nje hata tone. Ukikuta alama hiyo na pembeni kuna utando wa rangi ya chai ya maziwa, tafuta hedi nyingine sasa, injini ikiwa bado sakafuni.

Ukishapita hapo, una injini ya 96 kwa 92 mm (kipenyo cha silinda kwa mwendo wa pistoni), farasi 295 na Nm 454. SR20DET ya S14 ilitoka kiwandani na Nm 275. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua klachi, propela shafti na breki zako.

Sampu kwanza

Sampu ya pikapu inashuka kiasi cha sm 20 chini ya bloku. Ukiiweka hivyo, una njia mbili mbaya: ama injini ikae juu mno hadi boneti isifunge, ama sampu ining'inie chini ya krosmemba (chuma cha kukingama chini ya injini) na kugonga tuta la kwanza. Unayoitaka ni ya Chevrolet Camaro au Pontiac Firebird za 1998 hadi 2002. Sehemu yake ya mbele ni nyembamba na inapita juu ya krosmemba, kisha kina chake, kiasi cha sm 14, kinakaa nyuma. Maunti nyingi (vishikio vya injini) zinazouzwa kwa ajili ya S13 na S14 zimepimwa kwa sampu hii.

Usinunue sampu peke yake. Inakuja na bomba lake la kunyonyea oili, bati la kuzuia oili kurukia krankshafti, na dipstiki pamoja na mrija wake. Bomba la pikapu ni refu mno. Dipstiki ya pikapu kwenye sampu hii itakudanganya kiwango, nawe utaongeza au kupunguza oili kwa kuiamini.

Tulia hapa zaidi kuliko kwingine kokote, maana ndipo injini nzima nyingi zinapouawa. Bomba la kunyonyea linaingia kwenye pampu ya oili kwa oringi moja (pete ya mpira) na kushikwa na bolti moja tu, upande mmoja. Ukiliachia bolti livute bomba, oringi inabanwa kando na kukatika. Injini itawaka vizuri, presha itaonekana ikiwa baridi, kisha oili ikipata moto pampu inanyonya hewa na beringi zinakwenda. Fanya hivi: weka oringi mpya ya unene unaolingana na bomba ulilonalo, ipake oili, sukuma bomba kwa mkono hadi sikio lake likae limelala kabisa kwenye pampu, ndipo uingize bolti na kukaza Nm 12. Kama sikio halilali bila nguvu ya bolti, toa uangalie tena.

Sampu yenyewe ni ya alumini na ni sehemu ya mwili wa injini, kwa sababu giaboksi inafungwa kwayo pia. Kwa hiyo mgongo wake lazima uwe sawa na mgongo wa bloku. Weka bolti zote kwa vidole, laza rula ya chuma kwenye uso wa nyuma wa bloku ishuke hadi kwenye sampu, sogeza sampu mpaka rula isione kidato, kisha kaza: Nm 25 kwa bolti kubwa za M8, Nm 12 kwa zile mbili ndefu nyembamba za nyuma. Sampu ikichomoza nyuma, utaipasua sikio siku ya kufunga giaboksi. Pembe nne ambako kava ya mbele na ya nyuma zinakutana na bloku zipakwe silikoni ya injini, mstari wa upana wa mm 5 na urefu wa mm 20, kabla ya gasketi.

Juu na pembeni

Manifoldi ya hewa ya pikapu inapanda juu kama nundu. Badala yake weka ya LS6, au ya LS1 ukiikosa; hizo ni V8 za familia hii zilizowekwa kwenye magari madogo kama Corvette na Camaro. Milango ya hewa ya hedi zako ni umbo lilelile, kwa hiyo inakaa bila kuchonga. Itakubidi utumie reli na injekta zinazoendana nayo, na hilo likumbuke utakapofika kwenye kompyuta, maana injekta zikibadilika bila kompyuta kuambiwa, injini haitapata mchanganyiko sahihi hata siku moja. Bolti za manifoldi zinakazwa mara mbili, kwanza Nm 5 kisha Nm 10, kuanzia katikati kwenda nje. Ni plastiki, usiongeze.

Kabla hujaifunga, tazama bondeni chini yake. Kuna sensa mbili za kugundua injini inapogonga kwa mlipuko usio wa wakati wake (knock sensor), zimezama kwenye mashimo yenye vifuniko vya mpira. Maji ya kuoshea injini huingia humo na kukaa. Kwa injini ya umri huu, weka sensa mpya na waya wake mpya, Nm 20, na usipake chochote kwenye nyuzi zake. Kuzibadilisha leo ni dakika 10. Kuzibadilisha baadaye ni kutoa manifoldi nzima.

Kupima boneti, tumia vipande vya udongo laini wa kuchezea watoto. Weka vipande vitano au sita sehemu za juu kabisa za manifoldi na altaneta, shusha boneti taratibu hadi ifunge, fungua, kisha pima unene wa kila kipande kilichobanwa. Unataka angalau mm 20 kila mahali. Injini hii inajipinda kwenye maunti ukikanyaga, na mm 8 inayoonekana inatosha leo itaacha shimo kwenye boneti kesho.

Mpangilio wa mikanda ni jambo jingine linalochanganya watu. Puli za familia hii zina mistari mitatu: ya Corvette imekaa karibu kabisa na bloku, ya Camaro imetoka mbele yake kwa mm 19, ya pikapu kwa mm 38. Seti zote tatu zinaingia kwenye bloku yako, ila usichanganye. Puli ya krankshafti, pampu ya maji, altaneta na pampu ya steringi vitoke seti moja, la sivyo mkanda utaruka. Kwa S14 chagua ya Camaro: inakupa nafasi ya feni nyuma ya rejeta.

Ukibadilisha puli ya krankshafti, ujue haina ufunguo wa chuma wa kuizuia isizunguke. Inashikwa na mbano peke yake. Ivute ndani kwa bolti ya zamani hadi Nm 330, itoe bolti hiyo, kisha weka bolti mpya kwa Nm 50 na kuongeza nyuzi 140. Bolti mpya haitumiki mara mbili.

Sasa usukani wako wa kulia. Stata ya injini hii iko upande wa kulia, na shafti ya steringi yako nayo inashuka kulia. Kati ya viwili hivyo inatakiwa ipite eksozi ya silinda nne za kulia. Eksozi nyingi za kubadilishia injini hii kwenye S14 zimepindwa kwa ajili ya usukani wa kushoto: zinaacha nafasi kushoto na kujaza kulia. Ukiagiza, sema wazi usukani wa kulia. Ukikosa, manifoldi fupi inayokumbatia hedi na kuelekea nyuma ndiyo itakayopita. Acha mm 15 au zaidi kati ya bomba na shafti, na vika stata ngao ya joto. Stata inayochemka hukataa kuzungusha injini ikiwa moto na hukubali ikipoa, na wengi hudhani ni betri.

Kuiweka mahali pake

Fanya jaribio na bloku tupu: bloku, sampu mpya na ganda la giaboksi, bila hedi. Ni nyepesi kuinua na kushusha mara kumi. Isukume nyuma kadiri ukuta wa moto (bati linalotenga injini na abiria) unavyoruhusu, ukikumbuka kuwa hedi ya kulia nyuma bado inahitaji nafasi ya mkono. Mshono wa bati kwenye handaki la giaboksi utalazwa kwa nyundo. Huko si kukata.

Kurudi nyuma kunasaidia uzito pia. Bloku yako ya chuma inazidi ile ya alumini kwa kilo 40 hivi, na kilo hizo zikikaa mbele ya ekseli utazisikia kila kona. Hamishia betri kwenye buti na weka springi za mbele ngumu zaidi. Kama ungekuwa bado hujanunua, ningekuambia utafute L33, ambayo ni 5.3 hiyohiyo ya 2005 hadi 2007 yenye bloku ya alumini. Lakini LM7 uliyonayo ni injini imara na haina ule mfumo wa kuzima silinda uliokuja baadaye, unaoharibu lifta za valvu. Baki nayo.

Giaboksi: kwanza jua kama pikapu ilikuwa ya magurudumu mawili au manne. Kama ilikuwa ya manne, shafti ya kutokea ya 4L60E yako (giaboksi ya automatiki iliyokuja na injini) ni ile ya kuingia kwenye kisanduku cha kugawa nguvu, haipokei propela moja kwa moja. Kuibadilisha ni kufungua giaboksi yote. Iuze. Kama ni ya mawili, inatumika bila shida kwa nguvu za kiwandani.

Ushauri wangu kwa gari hili ni T56 ya Camaro ya 1998 hadi 2002, giaboksi ya klachi yenye gia sita. Ukiichukua, yako mambo matatu yanayosahaulika kwa injini iliyotoka na automatiki. La kwanza: krankshafti yako haina beringi ya kushika ncha ya shafti ya giaboksi. Haikuwekwa kiwandani kwa sababu haikuhitajika. Bila hiyo shafti inayumba, na gia ya kwanza inakataa kuingia. La pili: mashimo ya bolti za flaiwili yanatokeza ndani ya injini. Tumia bolti mpya zenye gundi ya kuzibia, kwa hatua tatu, Nm 20, 50, 100. Zikiwa kavu, oili itapita kwenye nyuzi hadi kwenye klachi. La tatu: pima pengo kati ya beringi ya kusukumia klachi, ikiwa imerudi nyuma kabisa, na vidole vya klachi. Unataka mm 3 hadi 5. Pengo likizidi, ongeza kipande nyuma ya beringi. Likipungua, klachi itateleza ikichakaa kidogo. Masta ya klachi ya Nissan ni ndogo kwa kazi hii, weka ya mm 19.

Uwiano utakufurahisha. Difu ya 3.69, matairi ya 205/55R16 na gia ya sita ya T56 ya 0.50: kwa kilomita 100 kwa saa injini inazunguka karibu mara 1,550 tu kwa dakika. Kwa gia ya nne ya 4L60E, 0.70, ni karibu 2,170.

Propela shafti itatengenezwa. Ipime gari likiwa limesimama kwa matairi yake, si likiwa limeinuliwa. Sukuma kichwa cha kuteleza hadi mwisho ndani ya giaboksi, kirudishe nje mm 20 hadi 25, hapo ndipo urefu wako. T56 hiyo na 4L60E zote zinatumia kichwa cha meno 27. Mteremko wa giaboksi na wa difu uwe sambamba, tofauti isizidi nyuzi 1, na kila kiungio kifanye kazi kati ya nyuzi 1 na 3. Mtetemo unaoanzia kilomita 80 na kuongezeka na mwendo mara nyingi ni pembe hizi.

Maji, mafuta na umeme

Pembe za juu za hedi zina matundu ya kutolea mvuke. Mrija unaotoka hapo lazima uende sehemu ya juu ya rejeta au kwenye tangi la ziada. Usiuzibe. Ukiuziba, mvuke unanaswa juu ya silinda, na geji inaonyesha kawaida huku hedi inaungua. Wakati wa kujaza maji, fungua mrija huo hadi yatoke bila mapovu. Manifoldi ya LS6 inahitaji matundu ya nyuma yazibwe kwa vifuniko vyake bapa na ya mbele tu yaunganishwe. Hilo ndilo sahihi kwake. Nyuma ya hedi ya kulia kuna plagi ya M12 × 1.5, mahali pazuri pa kuweka sensa ya geji ya Nissan kwa adapta.

Presha ya petroli ni psi 58, sawa na bar 4. Weka pampu ya lita 255 kwa saa ndani ya tangi. Njia rahisi ya kudhibiti presha ni filta ya Corvette ya 1999 hadi 2003: regyuleta yake imo ndani, ina mirija miwili upande wa tangi na mmoja wa kwenda injini. Iweke karibu na tangi, ili mrija mmoja tu upite mbele.

Pedali ya mafuta ya pikapu ya 2004 ni ya umeme. Pedali, kisanduku chake cha udhibiti na kinywa cha hewa ni familia moja na havitenganishwi. Chukua vyote vitatu kutoka pikapu hiyohiyo. Kompyuta ipelekwe kwa mtu wa programu aizime kinga ya wizi, sensa za oksijeni za nyuma na mfumo wa mvuke wa tangi, aandike takwimu za injekta mpya, na aieleze kama giaboksi ni ya klachi. Spidomita ya Nissan itahitaji kisanduku cha kubadili mapigo.

Earth ndiyo inayosumbua zaidi katika nyaya hizi. Waya nene kutoka bloku hadi betri, mwingine bloku hadi bodi, na zile pete ndogo za nyuma ya hedi zirudi kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Injini inayokatakata bila kosa lolote kwenye kompyuta, anza kuangalia hapo.

Kuwasha kwa mara ya kwanza: jaza oili ya 5W-30, lita 5.2 pamoja na filta. Toa fyuzi ya pampu ya petroli, zungusha kwa stata sekunde 10, pumzisha dakika moja, rudia hadi geji ya mitambo, siyo ya dashibodi, ionyeshe presha. Ndipo urudishe fyuzi. Oili ikiwa moto, kiwango cha chini ni psi 6 kwa mizunguko 1,000, psi 18 kwa 2,000 na psi 24 kwa 4,000. Ikiwa presha ni nzuri baridi na inaporomoka moto, zima papo hapo, shusha sampu, tazama ile oringi.

Ukiona kosa P1336, injini haijaharibika. Kompyuta haijajifunza krankshafti yako. Chombo cha uchunguzi kinachoweza kufanya zoezi hilo kitalimaliza kwa dakika chache, injini ikiwa imepata joto. Na breki za mbele za S14 zisibaki: kalipa za pistoni nne za Nissan 300ZX Z32 zinafunga kwenye naklo zako, zifunge kabla gari halijatoka nje ya lango.